Klipu Ina Kasoro: Tafuta Ilikozaliwa Kabla ya Kugusa Rangi na Sauti

Kazi nyingi ninazoletewa kurekebisha zimepigwa ukumbini: harusi, sendofu, kipaimara, mahubiri, kwaya. Huwa kuna kamera moja nzuri, simu tatu nne za ndugu, na sauti iliyovutwa kwa waya kutoka kwenye miksa. Mwenye kazi huja na neno moja tu, "imeharibika", na kijana anayeanza uhariri hukimbilia pale pale kwenye vitelezi vya mwangaza na vichujio vya sauti. Saa tatu baadaye klipu inakuwa mbaya kuliko ilivyoletwa, kwa kuwa kasoro haikuwamo ndani yake. Ilikuwa kwenye mipangilio ya mradi, au kompyuta ilishindwa kuicheza, au faili lilipitia WhatsApp kabla ya kufika.

Kabla ya dalili yoyote, nakili faili na uifanyie kazi nakala. La asili liweke pembeni usiliguse. Kisha ifungue klipu nje ya programu ya uhariri, kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Kama kule inacheza vizuri, klipu ni nzima na ugonjwa uko kwenye mradi wako. Halafu ifungue kwa MediaInfo, programu ya bure, usome mambo matano: kodeki (njia iliyotumika kuibana video), fremu kwa sekunde (picha ngapi zinapita kila sekunde) na kama mwendo wake ni thabiti, kina cha rangi, kiwango cha sampuli za sauti (sauti ilipimwa mara ngapi kwa sekunde), na idadi ya chaneli. Ni kazi ya dakika mbili. Majibu ya nusu ya maswali yaliyo hapa chini yamo humo.

Uliza pia faili limefikaje. WhatsApp ikituma video kama video huibana, na kilichobanwa hakirudishwi na programu yoyote. Ikitumwa kama dokyumenti, hadi GB 2, hufika ilivyo. Mpigie simu aliyerekodi siku hiyo hiyo, umwombe aitume upya kama dokyumenti. Usingoje wiki iishe. Simu hujaa, na watu hufuta.

Midomo na sauti vinaachana

Angalia mwanzo, katikati na mwisho wa klipu kabla ya kuamua chochote. Kama pengo ni lile lile kote, isogeze sauti hadi kishindo kimoja kinachoonekana, mfano kofi au glasi zinazogonganishwa, kikutane na picha yake. Hapo umemaliza.

Mwanzo ukiwa sawa na pengo likizidi kukua, shuku vitu viwili. Cha kwanza ni simu. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo thabiti. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, idadi ya fremu hupanda na kushuka. MediaInfo itakuonyesha neno Variable kwenye mstari wa fremu. Programu ya uhariri hutegemea mwendo mmoja, kwa hiyo picha na sauti huanza kupishana. Ipitishe klipu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, chagua Constant Framerate, weka fremu za mradi wako, ubora uache juu, kisha uingize faili jipya. Fanya hivyo kabla ya kukata hata kipande kimoja. Ukikata kwanza, kila kipande kitakuwa na pengo lake.

Cha pili ni saa mbili. Kinasa sauti kina saa yake ya ndani na kamera ina yake, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Kwenye hotuba ya dakika tano huoni kitu, lakini kwenye ibada ya saa mbili utaona. Uzuri ni kwamba pengo hili hukua kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hesabu inatosha. Ikiwa baada ya saa moja, yaani sekunde 3,600, sauti imechelewa sekunde moja, weka mwendo wa sauti kuwa asilimia 100.03. Hakuna sikio litakalogundua.

Kuna dalili ya tatu inayofanana na hizi lakini inajitangaza yenyewe: mtu anaongea kwa sauti nyembamba na haraka kuliko kawaida yake. Sauti ilirekodiwa kwa kilohezi 44.1 ikasomwa kama 48, na saa moja imekuwa dakika 55 hivi. Usiivute kwa mkono. Iambie programu kiwango sahihi cha sampuli, na sauti itarudi kwenye umri wake.

Inasikika sikio moja tu

Kipaza sauti cha shingoni kimeingia chaneli ya kushoto, ya kulia ni tupu. Kwenye DaVinci Resolve, programu ya uhariri, fungua Clip Attributes ya klipu, nenda sehemu ya sauti, ifanye kuwa mono (chaneli moja) na uchague chaneli yenye sauti. Programu nyingine zina njia yao, lakini kazi ni ile ile.

Kwenye hedifoni yupo, kwenye simu hayupo

Kasoro hii nataka ikae kichwani mwa kila anayepiga video ukumbini. Nilivuta waya kutoka kwenye miksa hadi kwenye kamera, sherehe ikaisha, nikahariri nyumbani kwa hedifoni. Sauti ya mshereheshaji ilikuwepo, ila ilikuwa ya ajabu kidogo, kama haina mahali pa kukaa, inazunguka kichwa. Nikaiacha hivyo. Familia ilipoifungua kwenye simu, muziki niliouweka chini ulisikika vizuri, na mshereheshaji alikuwa akifungua na kufumba mdomo bila neno. Nasaha za mzee wa familia nazo hazikusikika.

Sababu yake ni hii. Waya wa miksa wenye pini tatu hubeba sauti moja mara mbili, nakala ya pili ikiwa imepinduliwa: pale ya kwanza inapopanda, ya pili inashuka. Ni ufundi mzuri sana. Kifaa kinachopokea huigeuza tena ile ya pili na kuziunganisha, na kelele zilizodandia njiani zinafutana. Lakini jeki ndogo ya kamera nyingi haijui hayo. Inasubiri kushoto na kulia, basi nakala moja inaichukua kama kushoto na nyingine kama kulia. Kwenye hedifoni kila sikio linapata nakala yake na unasikia. Simu yenye spika moja inajumlisha zote mbili, na moja ukiijumlisha na kinyume chake inabaki sifuri.

Jinsi ya kuitambua: kuza mchoro wa sauti mpaka uone mawimbi. Kila kilima cha chaneli ya kushoto kitakuwa kinatazamana na bonde kwenye chaneli ya kulia. Dawa ni kuitupa chaneli moja na kuirudufu iliyobaki pande zote mbili. Au unaweza kuipindua moja. Kwenye Audacity, programu ya bure ya sauti, tenganisha chaneli mbili kisha tumia Invert kwa moja tu. Kinga ni kutumia adapta inayofaa kati ya miksa na kamera, na kusikiliza rekodi ya majaribio kwa mono kabla shughuli haijaanza. Tangu siku ile sikabidhi kazi yoyote kabla ya kuisikiliza kwa spika ya simu ya bei ndogo, maana huko ndiko ndugu wengi watakakoisikia.

Sauti inapasuka

Kuza mchoro tena. Vilele vikiwa bapa kama vimekatwa kwa panga, kilichokuwa juu ya pale hakikurekodiwa. Angalia bapa liko wapi. Likiwa kwenye desibeli 0, kikomo cha juu cha rekodi, kamera ndiyo iliyozidiwa. Likiwa chini ya hapo, sauti iliungua mapema, kwenye miksa au kwenye kipaza sauti chenyewe, na kamera iliipokea ikiwa tayari imeungua. Kushusha sauti sasa kunakupa mpasuko wa sauti ndogo tu.

Mipasuko mifupi, kicheko au vigelegele, inatibika. Kwenye Audacity kuna Clip Fix. Inakisia kilele kilichokatwa kwa kuangalia pande zake mbili. Mpasuko wa wimbo mzima wa kwaya hautibiki kwa njia hiyo, na muda wako utumie kutafuta chanzo kingine: kamera ya pili, au simu ya mtu aliyekuwa amekaa nyuma, mbali na spika. Nimeokoa nyimbo nyingi zaidi kwa simu za watu wa nyuma kuliko kwa kichujio chochote. Kama kinasa chako kinarekodi kwa biti 32 za desimali inayoelea (32-bit float), mfumo unaohifadhi hata sauti iliyovuka kikomo, habari ni njema: shusha sauti tu, na vilele vitatokea vikiwa vizima, mradi kipaza sauti chenyewe hakikuzidiwa. Vinasa vya kawaida vipangiwe vilele vyake vifike desibeli -12 hivi, ili vigelegele vipate nafasi.

Mvumo, feni, na mwangwi

Mvumo wa chini usiobadilika ni umeme. Huku kwetu umeme ni hezi 50, kwa hiyo mvumo unakaa kwenye 50 na mara nyingi pia 100, 150 na 200. Tumia Notch Filter, kichujio kinachokata sehemu ndogo tu ya sauti, kwenye namba hizo moja moja, kikiwa chembamba, na sauti ya mtu haitaguswa sana. Klipu uliyotumiwa na ndugu walioko Marekani itavuma kwenye 60 na 120. Ukiweka namba za huku utashangaa mbona haiondoki.

Feni na kiyoyozi vinahitaji njia nyingine: chagua sekunde moja au mbili ambazo hakuna anayeongea, ipe programu ijifunze kelele, kisha ipunguze kwa desibeli 6 hadi 12. Usizidishe. Kelele ikiondolewa yote, mtu anasikika kama anaongea ndani ya maji. Na sisi tuna tatizo letu ambalo video za mafunzo za lugha nyingine hazilitaji. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hutamkwa kwa sauti ndogo. Kichujio kikali huidhania ni kelele na kuimeza. Matokeo yake hujui kama mchungaji aliwatakia maharusi amani au aliwapa amana. Sikiliza miisho ya maneno kila unapopunguza kelele. Miisho ikianza kupotea, rudi nyuma.

Mwangwi wa ukumbi hauna sekunde ya ukimya unayoweza kuifundisha programu, kwani unazaliwa na sauti ile ile. Zana za akili bandia zinaupunguza kwa kuijenga sauti upya, na kwa tangazo la biashara zinafaa. Kwa sauti ya marehemu, sizitumii. Familia inataka kumsikia yeye, hata kama amezungukwa na mwangwi wa kanisa.

Taa zinapepesa, au mistari ya giza inapita kwenye picha

Umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi zififie na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi hurekodi fremu 30, na 100 ukigawa kwa 30 unapata 3 na theluthi moja: kila fremu inaikamata taa ikiwa sehemu tofauti ya mzunguko wake, na mchezo unajirudia kila baada ya fremu tatu.

Hesabu hiyo ndiyo dawa yenyewe. Weka klipu mara tatu, tabaka juu ya tabaka. La chini liwe na uonekano wa asilimia 100. La kati lisogeze fremu moja mbele, uonekano 50. La juu lisogeze fremu mbili, uonekano 33. Sasa kila fremu unayoiona ni wastani wa fremu tatu, na upepesaji unatulia. Hii inafanya kazi kwenye programu yoyote yenye matabaka, hata kwenye simu. Gharama yake ni kwamba kinachotembea kinaacha kivuli, basi itumie kwenye picha zilizotulia, au weka maski (eneo unalolichagua ndani ya picha) upunguze upepesaji wa ukuta na dari tu ukiwaacha watu. Toleo la kulipia la DaVinci Resolve lina zana yake ya kazi hii, na mara nyingi huacha kivuli kidogo zaidi.

Kwa fremu 25 upepesaji hauonekani, ila unaweza kupata mistari ya giza iliyosimama palepale. Kinga ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu: 1/50 au 1/100 ya sekunde kwenye umeme wa hezi 50. Taa za LED za steji zilizopunguzwa mwanga zina mapigo yao wenyewe. Hizo zijaribu kabla wageni hawajaingia.

Kwenye simu ilikuwa nzuri, kwenye kompyuta nyuso zimeungua

Kuanzia iPhone 12, simu hizo hurekodi video za HDR zenye mwangaza mpana kuliko mradi wa kawaida. Zikiingia kwenye mradi wa Rec.709 (kiwango cha rangi cha video za kawaida) bila kutafsiriwa, zinakuwa nyeupe kupita kiasi. Usishushe mwangaza kwa mkono, utazipata kijivu. Zitafsiri kwanza: kwenye Resolve weka Color Space Transform, iingie Rec.2020 na HLG (rangi na mwangaza wa HDR hiyo), itoke Rec.709. Kisha ndipo urekebishe kilichobaki. Kinyume chake, klipu iliyopauka kama imefunikwa na ukungu huenda ilirekodiwa kwa Log, yaani ilipaushwa makusudi ili ihifadhi mwangaza na vivuli zaidi, na dawa ni ile ile ya kutafsiri, ukitaja jina la Log ya kamera husika.

Shela linaonekana, bi harusi haonekani

Kamera ikiachiwa ijipimie huvuta kila kitu kuelekea kijivu cha kati. Shela na gauni jeupe vikijaa kwenye fremu, inapunguza mwanga, na uso wa bi harusi unazama. Ukipandisha mwangaza wote, gauni linaungua na nakshi zake zinapotea. Rekebisha mizani ya nyeupe (ili cheupe kionekane cheupe) kwanza, halafu pandisha vivuli, halafu weka maski ya uso yenye kingo laini na uupandishe wenyewe kidogo kidogo. Kwa picha mnato ni hivyo hivyo, na ikiwa mpiga picha alihifadhi RAW (data ghafi ya kamera), vivuli vitakuwa na nafasi kubwa zaidi kuliko JPEG.

Unapofanya hivyo, usimbadilishe mtu. Kitufe cha kurekebisha chenyewe huichukulia ngozi nyeusi kama upungufu wa mwanga na kuipausha, na nimeona albamu nzima ambazo ndugu wote wamegeuzwa rangi ya vumbi. Ngozi nyeusi inayong'aa vizuri ina mwangaza kwenye paji la uso na mashavu huku weusi wake ukibaki. Tumia vektaskopu, mchoro wa duara unaoonyesha rangi zilizomo kwenye picha: rangi ya ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, hukaa karibu na mstari mmoja. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza. Uso ukitoka kwenye mstari huo kuelekea kijani au zambarau, rekebisha rangi na uache weusi.

Taa moja ya zambarau ya steji ni jambo jingine. Pale hakuna kijani cha kutosha kilichorekodiwa, hivyo hakuna cha kurudisha. Iache zambarau kama usiku wenyewe ulivyokuwa, au ifanye nyeusi na nyeupe.

Mambo madogo ya haraka

Picha iliyolala upande: ndani ya faili kuna alama ya mwelekeo ambayo programu imeipuuza; izungushe na uihifadhi upya. Picha iliyofifia rangi baada ya kupandishwa mtandaoni: itoe kwa sRGB, kiwango cha rangi cha mtandaoni. Video inayokwama unapohariri lakini VLC inaicheza vizuri: mara nyingi ni H.265, kodeki inayoilemea kompyuta. Tengeneza proksi, nakala nyepesi za klipu, za 1280 kwa 720 na uendelee na kazi, faili la asili litatumika wakati wa kutoa. Mistari kama meno ya kitana kwenye video ya mkanda wa zamani: ni picha ya PAL (mfumo wa zamani wa televisheni) iliyogawanywa nusu mbili, washa uondoaji wa mistari hiyo. Watu wakianza kutetemeka mbele na nyuma baada ya hapo, nusu zimepangwa kinyume, geuza mpangilio.

Video isiyo na fokasi haina dawa.

Faili halifunguki kabisa

Betri ilikufa au kadi ilichomolewa wakati kamera inarekodi. Faili lina GB kadhaa lakini kila programu inalikataa. Mara nyingi picha na sauti zimo. Kinachokosekana ni fahirisi ya faili la MP4, ambayo kamera nyingi huiandika mwisho, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Bila fahirisi hiyo hakuna anayejua fremu ya kwanza iko wapi.

Usirekodi tena kwenye kadi hiyo wala usiifomati. Inakili yote. Kama faili halionekani hata jina, PhotoRec ya bure inaweza kulifukua. Kama lipo ila halifunguki, tumia untrunc, nayo ni ya bure: inajifunza muundo kutoka kwenye faili jingine lisilo na kasoro na kuujenga upya ndani ya lile lililovunjika. Faili hilo zima lazima litoke kwenye kamera ile ile, kwa ukubwa wa picha ule ule, fremu zile zile na kodeki ile ile. Huna? Chukua kadi nyingine, iazime tena kamera iliyopiga sherehe, irudishe kwenye mipangilio ya siku ile, uielekeze popote, urekodi dakika moja, na ubonyeze kusimamisha.